Kusaidia makao ya wasichana vijijini ukiwa Dar: mwongozo kamili kwa vikundi vya kanisa

Kila Januari, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hushusha wasichana wadogo wenye mfuko mmoja wa nguo na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Wanatoka Dodoma, Singida, Iringa, wanakuja kuwa madada wa kazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini stendi hakuna anayeuliza umri. Mwenzetu mmoja wa umoja wa wanawake hapa Kimara aliletewa dada wa namna hiyo. Akaambiwa ana miaka kumi na sita. Mtoto alipovua kilemba, mama yule akajua amepokea mwanafunzi wa darasa la sita.

Kikundi chetu kilianzia hapo. Tulijiuliza: huko kwao hapakuwa na mahali? Palikuwapo. Palikuwa na makao ya wasichana ya kanisa, vijijini mkoani Dodoma, mwendo wa bodaboda kutoka barabara kuu, yenye vitanda vilivyojaa na kisima kibovu. Ninayoandika hapa ni yale tuliyojifunza kwa kushirikiana nayo, na mengi tulijifunza kwa kukosea. Ni kwa kikundi cha akina mama, kwaya, jumuiya au kikoba chenye moyo wa kusaidia lakini hakijui kianzie wapi.

Neno moja kabla ya hatua: msianzishe makao mapya. Najua yupo mmoja kwenye kila kikundi ambaye ana kiwanja cha urithi na maono. Makao yanahitaji leseni, walezi wa kulala humo usiku na mchana, na pesa ya miaka kumi ijayo. Tafuteni yaliyopo, yanayofanya vizuri, yanayohema kwa shida.

Hatua ya kwanza: kagueni kabla ya kuchangisha

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni, na Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012 zinaeleza yaendeshwe vipi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkuu wa makao ni rahisi: "Shikamoo mama, tunaomba kuona leseni." Asikasirike. Anayefanya kazi yake vizuri huwa ameitundika ukutani ofisini.

Kisha nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika safari hii, na vikundi vingi vya Dar humruka. Mtoto haingii makao kwa sababu mjomba kamwacha mlangoni au mchungaji kamhurumia. Anapaswa kupitia ustawi wa jamii, na kumbukumbu zake ziwepo. Mwulizeni afisa mambo matatu: anayafahamu makao haya, ameyatembelea lini mara ya mwisho, na yeye angepeleka mtoto pale?

Ndani ya makao, ombeni kujua kama kila mtoto ana faili lake. Yaliyomo msiyasome, hayawahusu. Mnachotaka ni kuhakikisha kwamba faili lipo na linaonyesha nani alimleta, kwa sababu gani, ndugu zake ni akina nani na walionana lini. Makao ya kwanza tuliyotembelea, ambayo sitayataja, hayakuwa na faili hata moja. Mkuu wake alituambia wote ni yatima kabisa. Wakati tunakunywa chai, binti mmoja akaniambia kwa furaha kwamba mama yake anauza karanga sokoni, na Jumamosi atamwona akipita. Tulishukuru kwa chai tukaondoka.

Angalieni pia mambo ya macho tu. Mlezi wa kike analala karibu na bweni? Nani ana ufunguo usiku? Bweni lina mlango wa pili, au madirisha yote yamezibwa nondo na mlango mmoja unafungwa kwa kufuli nje? Kwa moto, hilo la mwisho ni kaburi. Mlinzi wa kiume ana sababu gani ya kufika upande wa mabafu? Ulizeni bila haya. Na mwulizeni mmoja wa wasichana wakubwa, faragha kidogo: ukipata shida hapa, unamwambia nani? Kama hana jibu, tatizo mmeshaliona. Bandikeni ukutani namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozi pesa, na hakikisheni watoto wanajua lilipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi cha karibu.

Hatua ya pili: waulizeni wanataka nini, kisha waulizeni tena

Safari yetu ya kwanza kwenye makao tunayoshirikiana nayo sasa tulipeleka katoni za sabuni, biskuti na nguo za mitumba kutoka Karume. Mama mlezi alitupokea kwa vigelegele, akatupeleka stoo kuweka mzigo. Stoo ilikuwa na sabuni hadi darini. Kila kikundi kinachopita barabara ile hupeleka sabuni. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa miezi minne na wasichana walikuwa wanaamka saa kumi usiku kwenda kuchota maji bondeni, gizani. Hakutuambia, kwa sababu mgeni haambiwi shida mara ya kwanza, na kwa sababu hatukuuliza.

Dawa yake ni kuuliza mara mbili, kwa watu tofauti. Mara ya kwanza mkuu wa makao atawapa orodha ya heshima. Mara ya pili, kaeni jikoni na mpishi, mmenye naye maharage, muulize: "Wiki ngumu huwa ipi?" Mpishi atawaambia ukweli wote, pamoja na jina la mwenye duka anayewadai.

Mtakutana na hitaji moja ambalo hakuna mfadhili anayelipenda: mishahara ya walezi. Hakuna anayepiga picha na mshahara. Lakini mtoto aliyepoteza mama, akazoea mlezi, mlezi akaondoka kwa kukosa mshahara, akaja mwingine, naye akaondoka, huyo anafundishwa kwamba watu wazima huwa wanaondoka. Kikundi chetu hulipa mlezi mmoja, mshahara pamoja na mchango wa NSSF. Ukinishika shingo uniulize ni kitu gani tulichofanya chenye maana kuliko vyote, nitasema hicho.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu ya chakula, na msibebe mahindi kutoka Dar

Chukueni makao ya wasichana 40. Msichana anayekua, ugali mara moja na uji asubuhi, hula kama gramu 400 za unga kwa siku. Hiyo ni kilo 16 kwa siku, kilo 480 kwa mwezi, na kwa mwaka magunia karibu 58 ya kilo mia. Maharage gramu 100 kwa kila mtoto ni kilo 120 kwa mwezi. Mkiwa na namba hizi mkononi, kikao cha kikundi hubadilika: hamzungumzii tena "kuwapelekea chakula", mnazungumzia magunia mangapi na mwezi gani.

Tulikuwa tunanunua mahindi Tandale, tunakodi fuso hadi Dodoma. Dereva alitucheka. Mahindi yale mengi hupita Kibaigwa, soko kubwa la nafaka wilayani Kongwa, yakaja Dar, nasi tukayarudisha kule yalikotoka kwa nauli yetu. Tumeni pesa, mwenye dhamana wa makao anunue Kibaigwa, apeleke risiti. Nunueni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, bei ikiwa chini. Mkisubiri Januari au Februari mtalipa bei ya njaa.

Hapo lazima mjue kuhifadhi. Dumuzi hawana huruma. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, hufungwa hewa isiingie na wadudu hufa bila dawa. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikitunzwa. Mahindi yawe yamekauka kweli kabla ya kufungwa: chukua punje chache, chumvi kavu, tikisa ndani ya chupa ya kioo iliyokauka, chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Na msinunue mahindi ya rangi ya kijivu au yenye ukungu hata yakiuzwa nusu bei. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na walikula mahindi ya nyumbani kwao, siyo sumu ya mtu. Kupika hakuiondoi.

Vitu vya kununua Dar ni vile ambavyo Kariakoo huviuza kwa jumla: kaunta buku, mikebe ya hisabati, viatu vyeusi, vitambaa vya sare, chupi mpya. Ndiyo, chupi, na mpya. Kwa mzigo mdogo, mabasi ya Mbezi hupokea vifurushi. Andikeni namba ya mpokeaji pande mbili za boksi.

Hatua ya nne: pedi

Hesabu kwanza. Kati ya wasichana 40, tuseme 30 wamevunja ungo. Pakiti mbili kwa mwezi kwa kila mmoja, miezi 12, ni pakiti 720. Kikundi kikipeleka pakiti hamsini mara moja kwa mwaka kikapiga picha, kimegusa siku chache tu za mwaka. Chagueni: ama mjifunge kwa mwaka mzima, ama mnunue za kitambaa zinazofuliwa, kwa masharti ya maji ya kutosha, sabuni (hapo sabuni ina kazi) na kamba ya kuanikia mahali penye jua lakini pasipo macho ya wapita njia. Za kufua bila maji ni ugonjwa. Ndiyo maana pampu ilitangulia pedi kwenye bajeti yetu.

Mama mmoja wa kikundi, muuguzi mstaafu, hukaa na wasichana peke yao jioni ya ziara. Wanaume wa msafara wakati huo hupelekwa kutazama mbuzi.

Hatua ya tano: shule, na makaratasi yake

Watu husema elimu ni bure. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini fungueni fomu ya kujiunga ya shule ya bweni: tranka, godoro, shuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare jozi mbili, sweta, viatu. Matokeo ya darasa la saba hutoka mwishoni mwa mwaka na shule hufunguliwa Januari, wakati ambao kila mama wa Dar ameshamaliza pesa kwa Krismasi na sare za wanawe mwenyewe. Anzeni kuweka Julai.

Kuna mwaka wa kujiandaa mapema. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mfumo wa zamani nalo linamaliza. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Pitieni orodha ya makao sasa, mhesabu ni matranka mangapi.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo wasichana wa makao wanapokwama wakiwa na akili zao timamu na alama nzuri. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Aliyefiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi. Mtoto wa miaka tisa hakihitaji, ndiyo maana hakuna anayekifuatilia. Akifika miaka kumi na tisa anaomba mkopo wa chuo kama yatima, Bodi ya Mikopo inataka vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vilivyohakikiwa na RITA. Wakati huo mwenyekiti wa kijiji aliyejua kifo hicho naye keshakufa. Tulimteua mama mmoja, karani wa zamani wa mahakama, kazi yake ni vyeti tu. Amemaliza faili 31. Hana muda wa kwaya tena na hajali.

Makaratasi ya shule yana nguvu nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 mzazi akikubali. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini kijijini hukumu za Dar husafiri polepole. Kinachosafiri haraka ni marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016: anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hiyo kila mzee wa kijiji anaijua. Jina la binti likiwa kwenye rejista ya shule, ana ngao. Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja: asikae nyumbani hata muhula mmoja kwa sababu ya kukosa kitu cha kununulika.

Na akipata mimba, tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kuna makao ambayo humfukuza kimyakimya "kulinda jina". Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba haitatokea.

Hatua ya sita: pesa

Fupi. Kukusanya, tunatumia M-Koba, kikoba cha kwenye simu, kila mtu anaona kilichoingia. Kutuma, ni kwenye akaunti ya benki ya makao yenye watia saini wasiopungua wawili, kamwe si kwenye simu ya mkuu wa makao, hata awe mtakatifu. Risiti ipigwe picha itumwe siku ileile. Anayekataa risiti kwa kusema "hii ni kazi ya Mungu" anaonyesha mahali pa kuchimba.

Hatua ya saba: ziara

Siku hizi treni ya SGR inafika Dodoma kwa saa chache tu, basi kila mtu anataka kwenda. Kataeni. Wageni kumi, mara mbili kwa mwaka, wanatosha. Watoto hawalali vizuri wiki ya wageni.

Msiombe kuimbiwa. Naandika hili nikijua litaudhi. Kila makao niliyowahi kufika, wasichana hupangwa mstari, wanaimba wimbo kuhusu uyatima, wageni wanalia, wageni wanatoa. Mtoto anajifunza kwamba msiba wake ni bidhaa. Siku ya pili tuliyokwenda tuliomba tuwaimbie sisi, na wao wakae kwenye viti. Waliangua kicheko namna alto ilivyopotea. Tangu hapo huwa hivyo.

Picha: hapana nyuso za watoto, hapana majina, hapana jina la kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni sababu tosha, lakini sisi tulijifunza kwa njia mbaya. Mmoja wetu aliweka picha ya ziara kwenye hali ya WhatsApp. Ikasambaa kwenye makundi. Wiki ya tatu baba mdogo wa binti mmoja, yule aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, alifika getini na pikipiki mbili. Alikuwa hajui mtoto yuko wapi mpaka tulipomwonyesha. Mlezi alisimama mlangoni hadi polisi wakafika. Simu zetu sasa hubaki kwenye kikapu kwa mama mlezi tukifika.

Mambo ya imani

Makao ni ya kanisa, sala za asubuhi na jioni ni sehemu ya maisha yake, na hatuna haja ya kuficha hilo. Lakini Dodoma vijijini watoto wengine wanatoka nyumba za Kiislamu, na wengine kwa bibi asiyekwenda popote. Sahani ya chakula isifuate mtoto anasali wapi. Biblia tunazopeleka hupelekwa kwa anayeomba. La sivyo huishia kuwa mito ya kulalia, na nimeziona.

Hatua ya nane: ndugu

Makao si kwao. Kila likizo ulizeni nani anaweza kwenda kwa nani: bibi, shangazi, dada aliyeolewa kijiji cha pili. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeamua kama ni salama. Kazi ya kikundi ni nauli na kilo kumi za unga anazobeba binti, ili asifike kama mdomo wa ziada. Wakati mwingine mnagundua kwamba bibi angemlea kabisa kama angekuwa na mbuzi wanne na bati. Mbuzi wanne na bati ni nafuu kuliko kitanda cha makao kwa miaka minane. Wasichana wetu watatu wamerudi kwa bibi zao kwa njia hiyo, na tunaendelea na shule yao vilevile.

Hatua ya tisa: siku ya kuondoka

Akifikisha miaka 18 sheria inamwona mtu mzima. Makao yanahitaji kitanda. Yeye ana cheti cha kidato cha nne, tranka, na anajua kupikia watu arobaini lakini hajawahi kushika elfu kumi yake mwenyewe. Hapo ndipo stendi ya Mbezi humsubiri kwa mara nyingine.

Anzeni mwaka mmoja kabla. Aandae makaratasi ya kitambulisho cha NIDA, akifuate mara akifikisha 18. Apewe bajeti ndogo ya kununulia mahitaji yake ya mwezi, akosee, arudie. Asiyefaulu kwenda kidato cha tano afikiriwe chuo cha ufundi cha VETA: ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni, kiasi ambacho hata kikoba kidogo hukimudu, kinachosumbua ni pa kulala na nauli. Kwa anayekuja kusoma Dar, pangeni familia mbili za kanisa, ya kukaa nayo na ya kukimbilia. Kwenye familia ya kukaa nayo, andikeni kabisa kazi za nyumbani ni zipi, saa ngapi, na kwamba si dada wa kazi. Mtashangaa namna mipaka hiyo inavyoyeyuka mwezi wa pili, kwa watu wema kabisa, watoto wa mwenye nyumba wakianza kumwita "dada" kwa sauti ile tunayoijua sote. Mama wa familia ya pili awe na ruhusa ya kuuliza chochote, na kumhamisha bila kikao.

Yule wa kwanza kwetu alikuja Februari. Tulimpokea stesheni watu wawili tu, tukapanda naye daladala hadi Chang'ombe ili ajue njia ya chuo, tukarudi naye, kisha tukamwambia kesho atakwenda peke yake. Mama wa familia ya pili alimfuata daladala ya nyuma bila yeye kujua. Fanyeni hivyo pia. Siku tatu zinatosha.